Ukimya Unaofundishwa Darasani

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulieleza kwa masikitiko. Kijana amesoma Kiingereza shule ya msingi, akaendelea nacho miaka minne ya sekondari, masomo karibu yote akafundishwa kwa lugha hiyo hiyo, na mtihani akafaulu. Siku ya usaili wa kazi anaombwa ajieleze kwa Kiingereza, naye anainamisha kichwa. Swali amelielewa na jibu analo. Akipewa karatasi ataliandika, pengine kwa makosa machache tu, lakini mdomo hautaki. Maelezo tuliyoyazoea ni mawili: ama kijana ana haya, ama hakusoma kwa bidii. Naona yote mawili yanamtwisha mzigo usio wake. Ukimya ule amefundishwa. Amefundishwa darasani, kipindi baada ya kipindi, na watu wazima wenye nia njema kabisa. Kwa kuwa umefundishwa, upo uwezekano wa kuuondoa kwa mafundisho ya namna nyingine, na hilo ndilo ninalotaka kulitetea leo.

Tuanze na wale wanaosema kwamba lugha ni kipaji na sisi hatukujaliwa. Watu wa Afrika Mashariki si wazito wa lugha hata kidogo. Mtoto wa Mwanza anaongea Kisukuma na bibi yake na Kiswahili na wenzake wa mtaani, wala hakuna anayemsifu kwa hilo. Mchuuzi wa Goma anahama kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa au Kinyarwanda kabla mteja hajamaliza kuuliza bei. Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekuwa wakija na wengine kuhamia kwa miongo kadhaa, wapo wauza vinyago na madereva wa tuktuk wanaoongea Kiitaliano cha kutosha kufanyia biashara, na darasa la Kiitaliano hawalijui. Kiswahili chenyewe, kwa wengi wanaokitumia, ni lugha ya pili. Walikipata wapi? Sokoni, ndani ya basi, kwenye mashamba ya mkonge, jeshini, msikitini na kanisani, yaani mahali penye jambo la kusema na mtu wa kuambiwa. Tukumbuke pia tulivyowapokea watu hao. Mtu wa bara akichanganya l na r, akavuruga ngeli, tunamwelewa, tunamjibu na mazungumzo yanaendelea. Pengine atataniwa. Hatumwamuru anyamaze mpaka amalize ngeli zote.

Sasa tuingie kwenye darasa la Kiingereza. Kipindi cha sekondari Tanzania ni dakika 40. Tuchukue darasa la wanafunzi 60, idadi ambayo walimu wengi wa shule za kata wataiona ya kawaida. Mwalimu akijitahidi sana, akaongea nusu ya kipindi na nusu akawaachia wanafunzi wajibu mmoja mmoja, kila mwanafunzi anapata sekunde 20. Hapo hatujahesabu muda wa kufuta ubao, kukusanya madaftari na kumtuliza aliyeketi nyuma. Na sekunde hizo zinatumikaje? Mara nyingi mwalimu anaanza sentensi na darasa zima linamalizia neno la mwisho kwa sauti moja. Anauliza "Are we together?" na sauti 60 zinaitikia "Yes!" Mtaalamu wa lugha wa Afrika Kusini, Keith Chick, alilichambua jambo hili katika makala ya 1996 kuhusu somo la hisabati huko KwaZulu. Alionyesha kwamba kuitikia kwa pamoja kulimlinda mwalimu asionekane kushindwa, na kukawalinda wanafunzi wasionekane hawakuelewa. Pande zote mbili zilitoka salama, na hakuna aliyelazimika kusema jambo lake mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kupita miaka minne ndani ya usalama wa namna hiyo.

Yule mmoja anayenyanyuliwa kujibu peke yake naye hapewi muda. Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za nchi yake na kuchapisha matokeo miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, kisha humpa mwingine nafasi au hujijibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa dhaifu walianza kushiriki. Hao walikuwa watoto wa Marekani katika shule za Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, aliyetoka kusoma miaka 7 kwa Kiswahili, anadaiwa jibu la Kiingereza kwa mwendo ambao hata watoto wa Marekani uliwashinda.

Ili tuone kwa nini muda ni jambo kubwa hivi, tuangalie kazi inayofanyika kichwani mtu anapoongea. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Levelt, katika kitabu alichokitoa 1989, aliigawa kazi hiyo katika hatua: kwanza mtu anaamua la kusema, kisha anatafuta maneno na kuyapanga kwa sarufi, kisha anayatamka, na wakati huo huo anajisikiliza ili ajisahihishe. Katika mazungumzo ya kawaida hayo yote hufanyika kwa mwendo wa maneno mawili au matatu kwa sekunde. Katika lugha tuliyoizoea, hatua ya kutafuta na kupanga maneno inajiendesha yenyewe, na akili yote inabaki kwenye jambo lenyewe. Mwanafunzi wa lugha ngeni anaifanya kwa mkono, neno moja moja, na akili inajaa. Ukimwongezea hofu, ile nafasi ndogo iliyobaki inamezwa. Elaine Horwitz na wenzake, waliotunga 1986 kipimo cha maswali 33 cha kupima hofu ya darasa la lugha, waliitaja hofu ya kuhukumiwa na wengine kuwa mojawapo ya mizizi yake. Kwetu hofu hiyo ina jina lake kabisa: mwanafunzi akikosea, wenzake wanasema amechapia, wanacheka, na kosa lake linaweza kumfuata mpaka bwenini kwa muhula mzima.

Kucheka kwa watoto kunaweza kudhibitiwa na mwalimu mwenye msimamo. Lililo baya zaidi ni pale shule yenyewe inapoifanya aibu kuwa njia ya kufundishia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya 1986, ameeleza jinsi mtoto aliyekutwa akiongea Gĩkũyũ shuleni, Kenya ya ukoloni, alivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma shingoni chenye maneno ya kumtukana, na jinsi watoto walivyofanywa wapelelezi wa wenzao. Uhuru ulikuja, kibao kikabaki. Hadi leo zipo shule Kenya na Tanzania ambako anayekutwa akiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani anavikwa kidude shingoni, na wanaofanya hivyo wanaamini kwa moyo wote kwamba wanamsaidia. Tufuate hoja yao mpaka mwisho. Mtoto ana maneno mengi ya Kiswahili na machache ya Kiingereza. Umemzuia yale mengi. Atatumia machache yale? Akiyatumia atakosea, na akikosea atachekwa. Njia pekee ya kumaliza siku bila aibu ni kufunga mdomo, na ndivyo anavyofanya. Kwa jicho la mwalimu wa zamu shule imetulia, sheria imefuatwa, na Kiingereza hakikuongeleka.

Najua nitajibiwa: bila kuwabana hawataongea kabisa, watakimbilia Kiswahili. Imani hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa hapa kwetu. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza. Mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, aliyachambua mawazo yaliyotawala pale, likiwamo kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza peke yake, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Alionyesha kwamba mawazo hayo hayakusimama juu ya ushahidi. Kwa upande wetu ushahidi unaelekea kwingine. Halima Mwinsheikhe, katika utafiti wake wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 juu ya masomo ya sayansi katika sekondari za Tanzania, alionyesha jinsi wanafunzi wanavyoshiriki zaidi wanapofundishwa kwa Kiswahili. Vinywa vipo, basi, na mawazo yapo. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mtoto atajua Kiingereza akifundishwa Kiingereza vizuri, na walimu waliosomea kazi hiyo, kuliko akiachwa akiokote ndani ya baiolojia na jiografia asizozielewa.

Sisemi kipindi cha Kiingereza kigeuke cha Kiswahili. Ninachokitetea ni kazi maalumu ya Kiswahili kabla ya kuongea. Wanafunzi wakitakiwa kubishana kwa Kiingereza kama kijiji kijenge kisima au zahanati kwanza, wapewe dakika tano wajadiliane kwa Kiswahili, kila mmoja apate hoja yake. Hatua ya kwanza ya Levelt imekwisha. Wakigeukia Kiingereza, akili yao ina kazi moja pungufu. Na dakika za kuongea Kiingereza zikifika, ziwe za Kiingereza kweli, kwa makubaliano na bila kibao.

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi, na waliosoma ualimu wataitoa upesi: ataongeaje asiyekuwa na kitu kichwani? Asome kwanza, asikilize kwanza, maneno yatajaa na yatamwagika yenyewe. Stephen Krashen alilitetea wazo hili kwa nguvu miaka ya 1980, na lina ukweli mkubwa. Criper na Dodd walipochunguza Kiingereza katika shule za Tanzania na kutoa ripoti yao 1984, walikuta kiwango kiko chini kiasi kwamba wengi hawakuweza kukitumia kujifunzia masomo mengine. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, uliweka nguvu kwenye vitabu vyepesi vya kusoma, na hilo lilikuwa jambo zuri, kwani asiyesoma hana maneno. Lakini kusoma na kusikiliza peke yake hakumfikishi mtu kwenye kuongea, na ushahidi mzuri unatoka Kanada. Huko watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani walifundishwa masomo kwa Kifaransa tangu wakiwa wadogo. Walisikia Kifaransa kila siku kwa miaka, kutoka kwa walimu waliokimudu, na kukielewa wakakielewa vizuri sana. Hata hivyo Merrill Swain, aliyewachunguza na kuandika 1985, aliona kuongea na kuandika kwao kumebaki nyuma ya kuelewa kwao. Akaeleza kwamba anayesikiliza anaweza kuvuka kwa kukisia maana, lakini anayeongea hana njia ya kukwepa: lazima achague kitenzi, achague wakati, apange sentensi, na hapo ndipo anapogundua anachokikosa. Ikiwa watoto wa Kanada, wenye vitabu na walimu wa kutosha, waliihitaji nafasi ya kuongea, sisi tutaikwepaje?

Nafasi hiyo ijazwe na nini? Hapa nataka tukae kidogo, maana ushauri wa jumla wa kusema "jiamini, ongea tu" haumsaidii mtu. La kwanza ni maandalizi. Pauline Foster na Peter Skehan, katika utafiti wa 1996, waliwapa baadhi ya wanafunzi dakika 10 za kujiandaa kabla ya kuongea, na hao waliongea kwa ufasaha zaidi na kwa sentensi pevu zaidi kuliko wasiojiandaa. Jambo la kurudia nalo tumelidharau, kwa sababu shuleni kurudia kumefungamana na kukariri. Kukariri ni kusema maneno ya mwingine. Ninachokizungumzia ni kusema tena jambo lako mwenyewe, kwa mtu mwingine, kwa muda mfupi zaidi. Paul Nation wa New Zealand aliandika 1989 juu ya zoezi ambalo mwanafunzi anamweleza mwenzake jambo kwa dakika 4, kisha anamweleza wa pili jambo lile lile kwa dakika 3, kisha wa tatu kwa dakika 2. Kasi inaongezeka, kusitasita kunapungua. Nel de Jong na Charles Perfetti, Marekani, walikwenda mbele zaidi katika utafiti uliochapishwa 2011: walilinganisha wanafunzi waliorudia mada moja na waliobadilishiwa mada kila mara. Wote waliongeza ufasaha wakati wa mazoezi, lakini waliobaki nao baadaye, hata kwenye mada mpya, ni wale waliorudia. Mwalimu anayeogopa kwamba wanafunzi watachoka kurudia aliangalie hili kwa makini.

Halafu kuna vipande vya lugha vilivyo tayari. Andrew Pawley na Frances Syder walionyesha 1983 kwamba mzungumzaji mzawa hatungi kila sentensi upya, ana maelfu ya vipande alivyovihifadhi vizima. Sisi tunalijua hilo kwa vitendo: hakuna Mswahili anayefikiria sarufi anaposema shikamoo, pole na safari, au karibu tena. Mwanafunzi wa Kiingereza apewe vipande vya kumwezesha kubaki ndani ya mazungumzo: vya kuomba mwenzake arudie, vya kusema bado anafikiri, vya kukubali nusu na kukataa nusu, vya kueleza kitu ambacho jina lake hajui. Mtaala unaoanza na wakati uliopo na kuishia na sentensi za masharti unaweza kumaliza miaka bila kumpa hata kimoja kati ya hivyo, na bila hivyo anayekwama neno moja hukwama kabisa.

Itaulizwa: wakiachwa waongee na makosa yao, makosa hayataota mizizi? Hofu hii ni ya haki. Yapo makosa yanayoganda kwa mtu miaka mingi. Lakini tuangalie kama kusahihisha kwetu kunayazuia. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa ya Kanada na kuchapisha 1997. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na mara nyingi mwanafunzi hakuitikia sahihisho lile kwa namna yoyote. Masahihisho yaliyomdai mwanafunzi atafute mwenyewe sura sahihi ndiyo yaliyoitikiwa zaidi. Ninachokiona hapo ni kwamba kumkatiza mtu katikati ya sentensi kunamgharimu mawazo yake na hakumlipi kitu. Mwalimu apite kati ya madawati, asikilize, aandike makosa matano au sita yaliyojirudia, na kazi ikiisha ayaweke ubaoni bila majina, darasa liyasahihishe. Kuhusu lafudhi, tupunguze mateso. Murray Munro na Tracey Derwing walionyesha 1995 kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito ya kigeni na bado kila neno lake likaeleweka. Tuwasaidie wanafunzi kutofautisha irabu ndefu na fupi, na kuweka mkazo mahali pake, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu na mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo msikilizaji anapopotea. Kufanana na mtu wa London si sharti la kueleweka.

Mwalimu wa darasa la watu 60 au 90 bado ana neno, na ana haki ya kusikilizwa. Kelele zitakuwa nyingi, darasa la pili litalalamika, mkuu wa shule atadhani hakuna mwalimu. Hata hivyo turudi kwenye hesabu ile ya sekunde 20. Wanafunzi wakigeukiana wawili wawili kwenye dawati lile lile walilokalia, kwa dakika 10, kila mmoja anaongea dakika 5. Amepata mara 15 ya alichokuwa akipata, bila kununua kitu wala kuhamisha kiti. Kuhusu kelele, redio nayo inatoa somo. Kati ya 1980 na 1985 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, kila siku ya shule kwa nusu saa. Redio ilizungumza na mtoto, ikanyamaza kidogo, mtoto akajibu kwa sauti, ikaendelea. Tathmini ilionyesha kwamba watoto hao walifanya vizuri kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kule darasani kulikuwa na kelele, na zilikuwa kelele za kujifunza.

Ugumu unaobaki, na siwezi kuupunguza, ni mwalimu ambaye mwenyewe haongei Kiingereza kwa raha. Naye amepita kwenye darasa lile lile la kuitikia kwa pamoja, amefunzwa chuoni kwa mihadhara, na anasimama mbele ya wanafunzi akiogopa wasimkamate akichapia. Kumlaumu ni kuendeleza aibu ile ile kwa mtu mzima. Njia nilizozitaja zina faida moja kwake: hazimtaki awe chemchemi ya kila sentensi, zinamtaka apange kazi na asikilize. Lakini hiyo haitoshi. Vyuo vya ualimu vimpe naye saa za kuongea, kujiandaa, kurudia na kukosea bila kuchekwa, kabla hajatumwa kuwafundisha wengine.

Na juu ya haya yote upo mtihani. Kwa miaka mingi Kiingereza cha kidato cha nne Tanzania kimepimwa kwa karatasi na kalamu. Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina sehemu ya stadi za kuzungumza, nayo inajibiwa kwa maandishi. Mwalimu mwenye akili timamu hufundisha kinachotahiniwa, na mzazi humdai hicho hicho. Nitaambiwa kwamba kumsikiliza kila mtahiniwa wa taifa ni gharama isiyobebeka. Kwa mtihani wa mwisho huenda ni kweli. Lakini alama za maendeleo ya darasani tayari zipo, na sehemu yake inaweza kutengwa kwa kuongea. Mwalimu akisikiliza wanafunzi wawili kila kipindi, dakika tatu kila mmoja, wakati wengine wanaongea wawili wawili, na akiwa na vipindi vinne kwa juma, darasa la watu 60 analimaliza kwa majuma manane. Muhula una majuma ya kutosha kumsikiliza kila mmoja.